Mfagiaji Hapiti Mtu

Simu ilitetemeka tena juu ya meza, ikajisogeza yenyewe mpaka ikagonga kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Kwenye kioo paliandikwa neno moja tu: Shemeji. Dada Mkubwa aliitazama kama mtu anavyomtazama nge, wala hakunyoosha mkono. Mapajani alikuwa amekumbatia kifuko kidogo cha buluu, kile cha kutunzia vitu vya baridi, na tangu aingie ofisini humo hakukiachia.

"Nimwambie nini?" aliuliza. "Saa hizi mtoto ameshaamka, anatambaa chumba kwa chumba anamtafuta mama yake. Nimwambie nini, Afande?"

Inspekta aliigeuza simu kifudifudi. 

Katika kikosi kizima cha polisi wa reli, yeye ndiye pekee aliyekinyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama. Ndoa ilimleta nchi hii, kazi ikamweka. Kesi hii hakupewa kwa cheo wala kwa sifa, alipewa kwa ulimi. Wageni walikuwa wamefika stesheni wakilia, na hakuna aliyewaelewa.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi kukisimulia, kizito kukibeba. Marafiki wanne walikuja kuitembea nchi kwa baiskeli: Dada Mkubwa, mdogo wake waliyemwita Kipepeo, fundi wa baiskeli waliyemwita Fundi tu, na mwalimu mmoja wa sekondari. Upepo wa uso uliwatesa, mapaja yakagoma, wakakubaliana kipande cha katikati wakimalize kwa treni. Baiskeli walizipakia behewa la mwisho, wao wakaketi jirani nazo. Stesheni hii treni hukatwa mafungu mawili. La mbele huenda milimani, la nyuma huenda mjini. Wao walikuwa la nyuma. Walipofika mjini waliteremsha baiskeli nne, wakajikuta watu watatu, wakarudi mbio stesheni hii.

Kwenye baiskeli ya Kipepeo begi lilikuwa bado limefungwa vizuri, na ndani yake kifuko cha buluu chenye sindano zake za insulini.

Daktari wa zamu alisema kwa simu, bila kupamba, kwamba mwili wa mgonjwa wa sukari ya aina ile hauna akiba. Kipepeo alishapitisha mchana wa jana na usiku wake mkavu, bila sindano. Jua la leo likizama kabla hajapatikana, daktari alisema, msitume gari la wagonjwa, tumeni lile jingine.

Na jua lilikuwa limeshaanza kuinama.

Jana jioni, kabla simu ya Kipepeo haijazimika, dada yake alipokea ujumbe mmoja. Inspekta alikuwa ameusoma mpaka umepoteza ladha: *Dada niko njia panda. Nisamehe.*

Sajini wake, kijana wa nchi hiyo mwenye masikio makubwa na moyo mkubwa zaidi, alikuwa ameupitisha ujumbe huo kwenye simu yake inayotafsiri. Simu ikamwambia kwamba yule mama yuko mahali barabara zinapogawanyika. Akauliza kwa nia njema: barabara zipi? Inspekta akamfundisha kama mtu anavyomfundisha mgeni kula kwa mkono. Kwetu, alimwambia, mtu akisema yuko njia panda hasemi habari za barabara. Moyo wake umegawanyika, hajui ashike lipi aache lipi. Ukiongeza hapo neno nisamehe, unapata barua ya kuaga.

Sajini aliinamisha kichwa. Alisema amejifunza.

Na Dada Mkubwa mwenyewe alilithibitisha. Jioni ya kabla ya treni, mdogo wake alikuwa ametaka kuikatisha safari arudi nyumbani. Mtoto alikuwa ameota jino la kwanza, na yeye aliliona kwenye picha ya simu kama jirani. Alilia. Dada Mkubwa, aliyekuwa ameipanga safari ile mwaka mzima, alikasirika.

"Nilimwambia achague," alisema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. "Safari au mtoto. Nikamwambia ukirudi, usiniite dada. Mimi ndiye niliyemweka hapo njia panda, Afande. Mwenyewe kwa mdomo wangu."

Mkuu wa kikosi hakuhitaji zaidi. Kulikuwa na ujumbe wa kuaga, kulikuwa na mto chini ya stesheni, na kulikuwa na picha ya kamera iliyoonyesha mtu mwenye koti la manjano, kofia ya koti kichwani, akishuka ngazi za kuelekea mtoni wakati treni imesimama. Marafiki wote wanne walivaa makoti ya manjano. Tangu asubuhi kila mtu mwenye miguu alikuwa mtoni, wazamiaji kwa boti, Mwalimu kwa baiskeli akifuata ukingo. Mkuu alitaka pia Fundi akabidhiwe kwa wapelelezi wa mjini, kwa sababu maelezo yake yalikuwa hayashikani. Alimpa Inspekta mpaka giza liingie. Baada ya hapo jalada lingebadilishwa rangi, liwe la kifo.

Inspekta aliomba kitu kimoja tu. Hakutaka ile picha iliyosimama, alitaka mkanda wenyewe unaotembea.

*

Fundi alikuwa amewekwa chumba cha vitu vilivyosahauliwa, kati ya miavuli, magongo na kiti cha mtoto kisicho na gurudumu. Alipoona mlango unafunguka alijaribu kutabasamu, lakini tabasamu lilifika nusu likarudi.

Inspekta alimwachia azungumze. Aliyasema yale yale ya asubuhi. Alipanda, akakaa, akalala hadi mjini. Kiti laini ndicho udhaifu wake, hata harusini kwake alilala, mkewe shahidi. Mara ya mwisho alimwona Kipepeo akifunga baiskeli kwa kamba. Akaeleza, kwa sababu aliulizwa, jinsi kundi lao linavyotembea. Mbele anakaa kichwa, anayesoma njia. Nyuma kabisa anakaa mfagiaji, na mfagiaji hapiti mtu, hata mtu huyo akisimama kufunga kamba ya kiatu au kupiga picha ya mbuzi. Ukipotea usihangaike, unarudi mlipoachana, unakaa, mfagiaji anakuja kukuzoa. Walikuwa wamezunguka nchi nyingine mbili kwa kanuni hizo na hawajapoteza hata pampu.

"Simama," Inspekta alimwambia. "Nenda mpaka dirishani, urudi."

Fundi alishangaa, lakini alikwenda. Ka, ka, ka, ilifanya sakafu. Chini ya viatu vyake kulikuwa na vyuma vya kubania pedeli, na vyuma hivyo vilimfanya atupe nyayo nje na kuyumba kiuno.

Inspekta aliweka simu mezani akamwonyesha mkanda. Mtu wa koti la manjano alishuka ngazi akiyumba vilevile, mikono imetanuka kidogo, kama bata anayerudi bandani.

"Kipepeo anaendesha kwa raba za kitambaa. Dada yake kanieleza, na wewe mwenyewe ndiye uliyemnunulia kamba zake. Huyu bata ni nani?"

Fundi alikaa. Alikaa vibaya, nusu juu ya kiti nusu juu ya rundo la miavuli, na hakujirekebisha.

"Nilikwenda kuvuta sigara," alisema.

Inspekta alingoja. Sigara si kosa la kumfanya mtu adanganye polisi wa nchi ya watu.

Fundi alitazama mikono yake, yenye grisi isiyotoka kwenye mikunjo. Alisema kifua kilimsumbua mwaka jana hadi akalazwa, na wenzake walikataa kusafiri naye mpaka aape. Si kiapo cha mdomo mtupu. Kipepeo alimletea mwanawe, mchanga wakati huo, akamwambia aape kwa kichwa cha huyu. Akaweka kiganja juu ya utosi ule laini, unaopwita, akaapa.

"Nikavunja jana, Afande, pale chini kwenye ngazi. Nikarudi mbio, nikapanda, tukafika, mama wa yule mtoto hayupo." Alifuta kiganja gotini. "Kiapo kile kimetafuta kichwa cha kukiangukia, kikampata mama. Ningemwambia vipi dada yake? Ningeanzia wapi?"

Mwanamke mwingine angemhurumia. Inspekta naye alimhurumia, lakini aliiweka huruma pembeni kama mtu anavyoweka sufuria ya moto, kwa haraka na mbali kidogo. Alimwambia kwamba sigara yake imewapeleka watu wote mtoni tangu asubuhi kumtafuta mtu ambaye hakushuka ngazi zile. Kisha akampigia Mkuu. Mkuu alisikiliza, akakohoa, akasema kwamba koti ni koti lakini ujumbe ni ujumbe. Wazamiaji wangeendelea.

Angalau sasa alijua jambo moja. Hapakuwa na ushahidi wowote kwamba Kipepeo alikanyaga stesheni hii.

*

Behewa la mwisho la jana lilikuwa limesharudi, limepumzishwa reli ya pembeni. Sajini alilifungua kwa ufunguo wa pembe tatu. Ndani palinuka mpira na mvua ya jana. Inspekta alikaa kiti alichokaa Kipepeo, akatazama alichokitazama. Ndoano za baiskeli. Dirisha. Mlango mwembamba wa choo, na juu yake utepe wa plastiki umepigwa msalaba, na karatasi yenye picha ya kiganja kilichokatazwa.

Alimuuliza Sajini utepe ule umewekwa lini. Sajini alipiga simu karakana, akarudisha jibu: tangu jana asubuhi, bomba limepasuka, fundi wake hajaja.

Inspekta aliinuka taratibu.

Dada Mkubwa alikuwa amemweleza tabia za mdogo wake moja moja, kama mtu anayetandaza nguo juani. Kipepeo hulala na soksi. Kipepeo husalimia ng'ombe. Kipepeo, kwa ajili ya sukari, ni maji na choo, maji na choo, hata barabarani walimtania kwamba ameolewa na vichaka. Mtu wa namna hiyo haketi kwenye behewa lenye choo kilichofungwa.

Alitembea. Behewa hili, lililofuata, lililofuata tena, kisha mlango mzito wenye kioo kidogo, ambao ndio mwisho wa fungu la nyuma. Ng'ambo yake jana kulikuwa na fungu la mbele, na choo chake kilikuwa hapo hapo, mlango wa kwanza kushoto. Sajini alisema mlango ule hufungwa dakika chache kabla treni haijakatwa. Wanatangaza.

"Wanatangaza kwa lugha gani?"

 Masikio ya Sajini yaliwiva.

Kondakta wa treni ya milimani alipatikana kwa simu, amelala. Jana alikuwa ameulizwa kama kuna mtu aliyeshuka njiani, akasema hakuna. Leo Inspekta aliuliza tofauti: je, aliangalia?  Kondakta akasema kwamba kati ya hapa na milimani kuna kituo kimoja tu, jukwaa na benchi, hakina mtu wala kamera, na hakukuwa na abiria mwenye tiketi ya kushukia pale. Basi hakuangalia. Milango hufunguliwa na abiria mwenyewe kwa kitufe.

Sajini alikuwa ameshaita gari la doria kwa redio liende kituo hicho kabla simu haijakatwa. Walisubiri wakiwa wamesimama katikati ya reli, upepo ukipuliza karatasi ya sandwichi kati ya miguu yao. Inspekta alijikuta anafikiri juu ya utosi wa mtoto, unavyopwita, akajikemea.

Redio ilikoroma. Benchi tupu. Jukwaa tupu. Dereva aliongeza jambo ambalo kwake lilikuwa dogo: kituo kinakarabatiwa, geti la kutokea barabarani limefungwa kwa mnyororo na uzio ni mrefu. Aliyeshuka pale hana pa kwenda ila kufuata reli.

Na reli ilikuwa na ncha mbili, mbele milimani kwenye baridi, au nyuma kwenye daraja la mto.

*

Dada Mkubwa alilisikia jina la daraja akafumba macho. Kwa muda mfupi, Inspekta alipokuwa akimweleza habari za choo na mlango na benchi, uso wa dada yule ulikuwa umefunguka kama dirisha. Sasa ulijifunga tena.

"Kwa hiyo alirudi kwa miguu," alisema, "mpaka darajani. Halafu akaniandikia." Alikibonyeza kifuko cha buluu, na barafu ya ndani, iliyobadilishwa asubuhi na muuza vinywaji wa stesheni, ikalia maji. Ilikuwa imeyeyuka. "Chaji yake ilikuwa ya kulamba tu. Ile betri ya akiba ninayo mimi, nilimnyima kwa hasira. Akatumia chaji yake ya mwisho kuniomba msamaha mimi."

Fundi, aliyeletwa kusubiri pamoja naye, alikuwa ameshatubu kwake kuhusu sigara, na Dada Mkubwa hakuwa na nguvu za kumkasirikia. Walikaa benchi moja bila kugusana. Simu iliyolala kifudifudi ilitetemeka. Hakuna aliyeigeuza.

Nje ya dirisha, mwanga ulikuwa umeanza kuwa na rangi ya chai.

Inspekta aliinua simu ya mezani amwambie Mkuu ahamishie boti chini ya daraja. Alichukia kila tarakimu aliyobonyeza. Alikuwa hajamaliza Sajini alipokohoa mlangoni.

"Najua ulishanieleza," Sajini alisema kwa lugha yao, akiangalia kofia yake. "Najua ni msemo. Lakini mimi kichwa changu kigumu. Njia panda ipi?"

Inspekta alifungua mdomo amjibu jibu ambalo angelijutia. Halikutoka. Aliirudisha simu mahali pake, akamgeukia Fundi.

"Ile kanuni yenu ya mtu aliyepotea. Iseme tena. Usinieleze maana yake, iseme kama mnavyoisema barabarani, neno kwa neno."

Fundi alimtazama dada mtu, akamtazama Inspekta. Aliisema kama mtoto anavyosema aliyokaririshwa:

"Ukipotea usikimbie, rudi njia panda ya mwisho, kaa hapo—"

Hakuimaliza. Midomo yake ilibaki wazi.

"—mfagiaji atakuzoa," alimalizia Dada Mkubwa, kwa sauti ndogo kabisa. Kifuko kilikuwa kimeanguka kutoka mapajani mwake na hakujua.

Inspekta alimuuliza nani alikuwa mfagiaji jana.

"Mimi," alisema Dada Mkubwa. "Ni mimi. Lakini tulikuwa kwenye treni, nani hufagia kwenye treni? Nilikuwa nimemnunia. Nikalala."

Ndipo Inspekta alipoona walivyodanganyika wote, na yeye akiwa wa kwanza. Sajini hakujua Kiswahili ndiyo maana aliuliza swali sahihi. Wao walijua mno. Waliusikia msemo, wakakimbilia maana ya ndani, wakamwacha mtu amekaa kwenye maana ya nje akingoja. Kipepeo hakuwa anaaga. Alikuwa anawaambia mahali alipo, na anaomba radhi kwa kuwachelewesha.

Mkuu wa stesheni alikutwa anakula. Inspekta aliuliza reli mbili zinaachana wapi. Zinaachana hapa hapa stesheni? Mkuu wa stesheni alifuta mdomo. Hapana, alisema, hapa tunakata mabehewa tu. Treni zote mbili huvuka daraja kwa reli moja, halafu zinaachana ng'ambo, kwenye bonde, pana kibanda cha zana ambacho mafundi wa reli wamekihama. Kutoka pale mtu hawezi kuja hapa kwa miguu, daraja halina njia ya waendao kwa miguu, treni itamkuta katikati.

Basi ndiyo sababu. Alifuata reli, akaliona daraja, akaogopa, akarudi akakaa pale alipoambiwa mtu akae.

Mkuu wa stesheni alikuwa bado anaeleza. Alisema kwa kweli madereva wawili leo wameripoti koti la manjano kule, wakapiga honi na kupita. Walidhani ni mfanyakazi wa reli. Wafanyakazi wa reli nao huvaa manjano.

"Simamisha treni zote," Inspekta alisema.

*

Kiberenge cha mafundi kilikuwa kitu cha wazi, mabati na injini yenye kelele, na viti vya watu wanne. Sajini aliendesha. Dada Mkubwa alikaa mbele na kifuko kifuani, kimejazwa barafu mpya, na Fundi nyuma yake alimshika mabega kama mtu anayeshikilia mzigo usidondoke. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka kuzunguka kwa barabara, lakini barabara ile ilikuwa ndefu na mbovu, na daktari aliyekuwa ndani alikuwa akitoa maagizo kwa redio: msimlazimishe kunywa kama hajitambui, mlazeni ubavu, sindano mpeni nikiwaambia mimi.

 Walipokuwa juu ya daraja Inspekta alichungulia chini. Boti mbili zilikuwa majini, na mzamiaji mmoja aliyevua kofia yake alitazama juu, akipepesa macho kwenye jua la mwisho, akiwatazama watu wanaopita juu ya kichwa chake kuelekea upande ambao hakuna aliyemwambia atafute.

Ng'ambo ya daraja reli iliingia kati ya kuta mbili za mawe. Hewa ikawa baridi ghafla. Sajini alipunguza mwendo. Mbele yao chuma kimoja kilikuwa kinakuwa viwili, polepole, kama vidole vinavyotanuka, na pale vilipoachana palisimama nguzo ya zamani ya ishara.

Koti la manjano lilikuwa limefungwa kwenye nguzo kwa mikono yake. Upepo ulikuwa umelijaza tumbo.

Dada Mkubwa aliruka kiberenge hakijasimama. Alianguka kwenye kokoto, akaamka, damu gotini, akakimbia. Inspekta alimfuata akiwa na tochi mkononi. Kibanda hakikuwa na mlango. Ndani palikuwa na giza na magunia, na kabla tochi haijaonyesha chochote, harufu ilionyesha: tamu, nzito, kama matunda yaliyovunda ndani ya kapu. Inspekta alikuwa ameambiwa na daktari aitarajie harufu hiyo, na kwamba akiisikia ashukuru, kwa kuwa hutoka kwenye pumzi.

Kipepeo alikuwa amejikunyata juu ya magunia, raba zake za kitambaa amezivua na kuzipanga pembeni, jozi, kama anayelala kwao. Kando yake kulikuwa na kopo la maji ya mvua. Kifua kilipanda na kushuka kwa kasi na kwa kina, kama cha mtu anayepanda mlima akiwa amelala.

Fundi aliishika redio kwa mikono miwili akipokea maagizo ya daktari. Inspekta aliyatafsiri. Dada Mkubwa alifungua kifuko, na mikono ikajua pa kwenda, kwa sababu kazi hii aliifanya tangu mdogo wake akiwa darasa la pili, wakati mama yao hawezi kutazama sindano. Alipandisha fulana, akabana ngozi, akachoma. Akasubiri. Akachomoa.

Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu ila pumzi ile, na mbali, barabarani, king'ora kinachopotea na kurudi kwenye kona.

Halafu kope za Kipepeo zilicheza. Macho yalifunguka nusu, yakaelea, yakapita kwenye tochi na kwenye kofia ya Sajini bila kukaa popote. Midomo ilikuwa imepasuka. Dada Mkubwa aliinama mpaka sikio likagusa meno.

"Mfagiaji amepita?" Kipepeo aliuliza.

Dada Mkubwa alijilaza pale pale kwenye magunia, akamzunguka mdogo wake kwa mikono na miguu, damu ya goti ikipaka nguo za wote wawili.

"Mfagiaji hapiti mtu," alimwambia. "Nipo nyuma yako."

Inspekta alitoka nje. King'ora sasa kilikuwa karibu, na taa zake zilikuwa zinapaka kuta za mawe rangi nyekundu, kisha giza, kisha nyekundu tena. Mfukoni mwake kitu kilitetemeka. Ilikuwa simu ya Dada Mkubwa, aliyokuwa ameichukua mezani bila kufikiri. Alilitazama lile Shemeji lililoandikwa, akaipokea, na kabla hajasema lolote alisikia, nyuma ya pumzi ya mwanaume aliyekuwa ameshajiandaa kwa habari mbaya, mtoto akigonga kitu sakafuni, ko, ko, ko, bila kuchoka.